Anti, sponsa wangu wa kwanza anataka nimlipe ndo anilipe

Shikamoo Anti,

Naomba usinitaje jina. Mimi ni kijana, nina chaneli ya YouTube na akaunti ya X, naongelea kripto. Sio yale mambo ya "nunua hii sarafu itapanda mara mia", hapana, mie nafundisha watu wanaoanza, waleti ni nini, ada ya gesi (ile ya kutuma kripto) ni nini, kwa nini usiache hela zako zote kwenye eksichenji, yaani soko la kununulia na kuuzia kripto, vitu vya hivyo. Nina miezi 7 sasa, mafolowa kama 3,900, na kwa muda wote huo hamna mtu aliyewahi kunilipa hata senti, naedit mwenyewe usiku nikitoka kazini, video nyingine inapata watu 60 nalala nimenuna.

Sasa wiki 5 zilizopita ikaingia imeili. Jamaa akajitambulisha ni meneja wa ushirikiano wa eksichenji mpya, anasema wamefuatilia chaneli yangu muda mrefu, akataja kabisa na video yangu moja na kitu nilichosema humo ndani, akasema wanatafuta "sauti za kweli" sio wapiga kelele. Anti sikudanganyi, nilisoma ile imeili kama mara kumi. Wakasema watanilipa USDT 600 (ile kripto inayofuata thamani ya dola) kwa video, na juu yake kamisheni kwa kila atakayejiunga kwa linki yangu.

Wakanitumia mkataba kwenye faili la zip lenye paswedi, nikalifungua kwenye laptop, likatokea dirisha jeusi kama sekunde moja likapotea. Nikawaambia haifunguki, wakaomba radhi wakatuma PDF ya kawaida, tukaendelea. Nikatengeneza video. Na kweli wakanitumia USDT 40 ya mwanzo, ikaingia kwenye waleti yangu, nikaona basi hawa wako siriasi.

Watu 14 wakajiunga kwa linki yangu. Wakanipa dashibodi, kila nikiingia naona namba inapanda, saa hivi inasoma USDT 1,840. Nikaomba kutoa. Wakasema lazima nihakiki waleti kwa kudeposti 150, itarudi na hela yangu. Nikalipa. Wakasema sasa imebaki kodi 320, nikichelewa masaa 48 akaunti inafungwa. Hapo ndo moyo ukaanza kwenda mbio.

Juzi kuna dada mmoja, mfolowa wangu wa siku nyingi sana, kaniandikia inbox kwamba aliweka 210 kule na sasa kutoa hawezi, ananiuliza mimi afanyeje. Sijamjibu. Na kwenye komenti za video hiyohiyo kuna mtu anamtaja mtaalamu fulani wa kurudisha kripto iliyoibiwa, nikamcheki, anataka nimpe maneno yangu 12 ya siri ya kufungulia waleti ili "aunganishe waleti", au nitangulize 100. Halafu kuna mwingine kwenye komenti, maskini, kaandika maneno yake 12 hadharani anaomba aelekezwe namna ya kuhamisha USDT zake, nilitaka nimsaidie ila nikaogopa.

Maswali yangu: nilipe hiyo 320? Huyo mtaalamu ni wa kweli? Na hao watu 14 niwaambie nini, au nifute tu video kimyakimya? Naona aibu Anti, mimi ndo nilikuwa nafundisha watu wasiibiwe.

Mwalimu Aliyefeli

---

Marahaba mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, hiyo laptop uliyofungulia zip izime intaneti. Sasa hivi. Kama unasoma hapa kwa hiyo laptop basi hamia kwenye simu, mie nakusubiri.

Umeniuliza maswali matatu, na yote nitakujibu, lakini kilichonitoa jasho ni ile sentensi uliyoipitia mbiombio, dirisha jeusi sekunde moja likapotea. Hilo halikuwa faili lililoshindwa kufunguka. Lilifunguka vizuri sana, ila si kwa ajili yako. Zile USDT 150 ni uchungu ndio, lakini zimeshaondoka na haziwezi kuondoka mara mbili. Hilo dirisha ndo bado linakudai.

Nikueleze kinachotokea. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Google, ukaweka paswedi na ile namba ya kwenye simu, mtandao unakipa kivinjari chako kitu kama tiketi ili kesho usiulizwe tena. Wanaziita kuki. Programu kama uliyofungua kazi yake ni kukomba hizo tiketi zote, na paswedi ulizohifadhi kwenye kivinjari, na mafaili ya waleti, inazituma kwa mwenyewe, na nyingi zikimaliza zinajifuta. Mwenye tiketi anaingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa paswedi wala namba ya simu, mlango unamuona ni wewe. Ndo maana watu wanalia "mbona nilikuwa na hatua mbili za usalama", ndio ulikuwa nazo, ila zinalinda wakati wa kuingia na mwizi kaingia na tiketi ya mtu ambaye yuko ndani tayari.

Na zip kuwekewa paswedi sio kwa ajili ya siri za mkataba wenu. Ni ili imeili na antivirusi zisiweze kuchungulia ndani. Wengine wanalijaza faili hewa mpaka linakuwa kubwa ajabu, mamia ya megabaiti, kwa sababu mitandao ya kukagua virusi ina kikomo cha ukubwa wa faili. Mkataba wa kurasa tatu una uzito wa megabaiti mia saba, umeandikwa kwenye mawe?

Sasa usijione wa kwanza. Mwaka 2021 timu ya usalama ya Google ilitoa ripoti kuhusu kundi lililokuwa linawawinda watu wa YouTube tangu mwishoni mwa 2019 kwa njia hiihii, imeili ya udhamini halafu faili, na walikuta akaunti kama 15,000 za hao wezi, nyingi zimefunguliwa kwa kazi hiyo tu. Chaneli zilizoibiwa ziligeuzwa jina zikawa zinarusha laivu za kugawa kripto za uongo, nyingine zikauzwa kuanzia dola 3 mpaka dola 4,000 kutegemea wingi wa wafuasi. Halafu Machi 2023 wakapigwa Linus Tech Tips, watu ambao kazi yao ni kompyuta, wafuasi zaidi ya milioni 15, mfanyakazi mmoja akafungua faili la ofa ya udhamini na chaneli zao tatu zikaanza kurusha Elon Musk na kripto. Kwa hiyo futa hilo jina ulilojipa chini ya barua, mwalimu aliyefeli. Uliingia mkenge ambao wameuingia watu wenye idara nzima ya kompyuta.

Basi fanya hivi, na uifanye kwa simu, usiguse laptop. Ingia kwenye akaunti ya Google inayomiliki chaneli, toa vifaa vyote vilivyoingia humo, vyote, hata unavyovijua, halafu ndo ubadilishe paswedi. Angalia imeili ya dharura na namba ya simu ni zako bado, wezi wanapenda kubadilisha hapo kimya wakasubiri wiki. Angalia kwenye imeili kama kuna sheria ya kupeleka barua zako kwa mtu mwingine. Angalia kwenye YouTube Studio nani kapewa ruhusa kwenye chaneli. Kisha X, kisha eksichenji unayotumia, kisha kila kitu kilichokuwa kimefunguliwa kwenye hicho kivinjari. Ukibadilisha paswedi ukiwa kwenye laptop yenyewe unakuwa umemuandikia mwizi paswedi mpya kwa mkono wako.

Waleti je. Kama ilikuwa kwenye kivinjari cha hiyo laptop, au kama yale maneno 12 uliyapiga picha au ukayaandika kwenye noti humo humo (usinijibu, najua), hesabu kwamba yameshasomwa. Fungua waleti mpya kwenye simu, yenye maneno MAPYA, uyaandike kwenye karatasi, uhamishie huko kilichobaki. Watu wanakosea hapa sana, wanabadilisha paswedi ya waleti, au wanaichukua waleti ileile wanaiingiza kwenye simu mpya wanashusha pumzi. Paswedi ya waleti ni kufuli ya hapo kwenye kifaa tu. Maneno 12 ndo waleti yenyewe, popote yatakapoandikwa duniani hela inatoka, na hayabadilishwi, unayaacha unaanza mengine. Laptop yenyewe ifutwe kabisa iwekwe Windows upya, hifadhi video na picha zako tu, programu yoyote usiibebe. Najua unaedit humo. Pole, wiki hii huedit.

Umemaliza? Haya, 320.

Usilipe. Usilipe 320, usilipe 32, wasilipwe hata wakikwambia imebaki senti ya mwisho, maana haitakuwa ya mwisho. Ukilipa kodi itakuja ada ya kufungua akaunti, kisha utaambiwa umekosea mtandao wa kutuma, kisha faini ya kuchelewa. Hiyo 1,840 haipo mwanangu. Ni namba tu imeandikwa kwenye ukurasa, yule anayetengeneza ukurasa anaweza akaandika na milioni mbili na isimgharimu kitu. Fikiria mwenyewe, kama kweli wana 1,840 yako na wanakudai 320, si wakate humohumo wakupe 1,520? Swali hilo waulize, utaona majibu yao yanavyozunguka. Na kodi, popote pale, hailipwi kwa USDT kwenda kwenye waleti ya meneja ushirikiano.

Sasa zile 40 zilizoingia kweli. Hizo ndo zilikumaliza, sio? Kila mtu anazo 40 zake. Mie nilipigwa 2021, wakati watu wote tumewehuka na NFT, zile kazi za sanaa za kidijitali zinazouzwa kwa kripto, na mimi yangu haikuwa hela, ilikuwa sifa. Nilikuwa naandika kidogo kuhusu hizo kazi, wakaja wasanii sijui wanataka "ushirikiano", wakanipa nafasi kwenye orodha ya wa kwanza, nikaunganisha waleti kwenye tovuti yao nikabonyeza kukubali bila kusoma, kumbe nimeipa smati kontrakti yao, yaani programu inayojiendesha kwenye blokcheni, ruhusa ya kuhamisha kila nilichonacho kwenye mkusanyiko mmoja wa NFT zangu. Hawakuchukua siku hiyo. Walichukua siku ya tatu, usingizini. Nilikasirika miezi, na nilichokuja kukigundua baadaye ni kwamba kwenye kripto sikuwa mjinga hata kidogo, nilikuwa najua ruhusa ni nini, nilikuwa nimeshaandika habari zake! Ila siku ile sikuwa naangalia waleti, nilikuwa naangalia kwamba hatimaye kuna mtu kaniona.

Ndo kilichokupata. Wewe umeandika mwenyewe, video ya watu 60, unalala umenuna, halafu imeili unaisoma mara kumi. Hawa hawakuja kukuuzia sarafu, wangekuuzia sarafu ungewacheka, unafundisha. Walikuja kukuuzia kuonekana. Mtengenezaji maudhui mpya ana njaa moja inayojulikana, kwa hiyo kila chambo kinatengenezwa kwa ladha hiyo, udhamini, mahojiano kwenye podikasti, tiki ya kuhakikiwa, kualikwa kuwa balozi, "tumefuatilia kazi yako muda mrefu". Kutaja video yako na ulichosema ndani siku hizi si kazi, unaipa programu ya akili bandia manukuu ya video inakuandikia sifa za watu mia kwa dakika.

Usielewe kwamba nakwambia uache kutamani. Utatamani tu. Nachokwambia, siku ukisikia ile raha ya kuonekana, hiyo siku usisaini kitu, lala kwanza.

Mtaalamu wa kurudisha. Huyo mwanangu ni tapeli wa awamu ya pili, na mara nyingi ni ndugu mmoja na wa kwanza au kanunua orodha ya waliopigwa. Hela ikishathibitishwa kwenye blokcheni, lile daftari la pamoja la miamala ya kripto, hakuna kitufe cha kuirudisha nyuma, hakuna hacker, hakuna programu. Na mtu anayeomba maneno 12 hata asimalize sentensi, blok. Kuna njia za kweli lakini hazina mvuto: chukua namba ya muamala, ile heshi, na anwani ya waleti uliyotumia, peleka ripoti kwa eksichenji uliyotolea hiyo 150, na polisi kitengo cha makosa ya mtandao. Tether, wanaotoa USDT, wana uwezo wa kuzigandisha USDT kwenye anwani fulani na huwa wanafanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola, kwa hiyo ripoti si kazi bure. Ila nisikupambe, 150 hiyo ihesabu imekwenda.

Na huyo "maskini" aliyeandika maneno yake 12 kwenye komenti, asante kwamba uliogopa! Huyo si maskini. Huo mtego ni wa zamani na ninaupenda kwa ubaya wake. Ukiingia na hayo maneno utakuta kweli kuna USDT humo, mara nyingi ni mtandao wa TRON, ila hamna TRX, sarafu ya mtandao huo, ya kulipia ada. Unasema ngoja niweke TRX kidogo nihamishe. Ukiweka, TRX yako inatolewa muda huohuo, na USDT haisogei, kwa sababu ile waleti imepangwa ihitaji sahihi nyingine ambayo wewe huna, yale maneno ni mapambo. Unawanasa wenye tamaa ya kuiba na unawanasa wema kama wewe waliotaka kusaidia, mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo. Futa hiyo komenti, na ya yule anayemtaja mtaalamu, zote ni chambo kimewekwa kwenye uwanja wako, wanaokula ni watu wako. Weka pia maneno ya kuzuia kwenye mipangilio ya komenti, jina la Telegram, WhatsApp, "mtaalamu", na uzuie akaunti yoyote yenye picha yako na jina linalofanana na lako, maana hilo nalo litakuja, mtu anajifanya wewe anawajibu mafolowa wako "niandikie inbox".

Mengine yatakayokuja nikutajie harakaharaka maana watakujaribu tena, jina lako liko kwenye orodha sasa. Watakupa skripti ya kusoma, "boti ya kufanya biashara yenyewe", mtazamaji anakopi msimbo wa programu anaubandika kwenye Remix, tovuti ya kuendeshea smati kontrakti, anaweka ETH, sarafu ya Ethereum, halafu anasubiri faida. Ule msimbo umeficha anwani ya mwizi ndani vipandevipande na ETH inakwenda huko. Watu wanalipwa kusoma hizo skripti na sura zao ndo zinabaki kwenye video. Watakuja wa kukutishia kopirait, kwamba weka linki hii kwenye maelezo la sivyo wanakupiga straiki ya pili na ya tatu, na kweli straiki tatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa kwa hiyo inatisha. Peleka pingamizi kwa YouTube wenyewe, linki usiiweke. Utatumiwa video ya faragha "kutoka YouTube" kuhusu malipo. Mwaka 2025 walisambaza hata ya bosi wa YouTube, Neal Mohan, imetengenezwa kwa akili bandia, na YouTube wakasema wao hawawasiliani na mtu kwa video ya faragha. Utakuta tokeni, yaani sarafu ndogondogo, usizozijua zimeingia kwenye waleti zina jina la tovuti, ziache zikae hukohuko.

Na utakuja mradi wa kweli kabisa, una watu na ofisi, utakaokulipa kwa tokeni zao wenyewe. Hapo sio wizi wa wazi ila fungua macho, wakikuambia tokeni zimefungwa miezi sita halafu kazi yako ni kuwaleta watu wanunue leo, jiulize miezi sita ikifika nani atakuwa amebaki kununua za kwako. Na ukilipwa, sema umelipwa na kiasi gani. Kim Kardashian alilipwa dola 250,000 kuposti kripto iitwayo EthereumMax bila kusema amelipwa, Oktoba 2022 akakubaliana na SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, kulipa dola milioni 1.26. Sheria za kwenu zisome mwenyewe, kuna nchi kama Uingereza ambako tangu Oktoba 2023 kutangaza kripto bila kibali ni kosa la jinai, na hawajali tangazo limetoka nchi gani kama watu wao wanaliona.

Siku sponsa mwingine akija, usimjibu palepale. Nenda kwenye tovuti ya kampuni kwa kuandika jina mwenyewe, sio kubonyeza, uwaandikie kupitia huko uulize kama huyo mtu ni wao. Angalia jina la tovuti herufi kwa herufi, r na n zikikaa pamoja zinafanana na m, na angalia limesajiliwa lini, eksichenji "kubwa" yenye tovuti ya wiki tatu ni kichekesho. Waambie mkataba uandikwe kwenye mwili wa imeili, faili hupokei. Nusu ya malipo kabla, na cha kupokelea wanahitaji anwani ya waleti tu, hawahitaji kuiunganisha, hawahitaji usaini, hawahitaji uhakiki. Tapeli akisikia masharti haya ataanza kukuharakisha au atanuna. Wa kweli atasema sawa, au atasema hapana kistaarabu, basi.

Na imeili ya biashara unayoiweka hadharani isiwe ile inayomiliki chaneli. Hili nalisema kila siku watu wanaitikia halafu hawafanyi.

Nimeacha watu 14 mwisho na ndo swali gumu. Hapana, usifute kimyakimya. Ukifuta kimya, wale 14 watadhani bado wako sawa na wengine wataendelea kudeposti, na siku wakijua watajua pia kwamba ulijua. Iondoe video isionekane, weka nakala yake kama ushahidi pamoja na imeili zote na picha za dashibodi, halafu rekodi nyingine. Fupi. Usiweke muziki wa huzuni. Taja jina la tovuti, sema usiweke hela, ukiambiwa ulipe ili utoe usilipe, anayejitokeza kusema anarudisha hela ni mwizi, na sema wewe mwenyewe umelipa 150. Iache juu kabisa ya chaneli. Utapoteza mafolowa, sitakudanganya, na kuna wa kukutukana, na wengine watakuwa na haki ya kukutukana.

Lakini kabla ya video, yule dada. Ameandika juzi hujamjibu, na huko aliko kuna meneja anamwandikia kila saa kumwambia alipe kodi. Huenda saa hizi ninavyoandika anatafuta pa kukopa. Mwandikie hivi, au kwa maneno yako: "Dada nisamehe kuchelewa. Ile tovuti ni ya matapeli, na mimi wamenipiga, usiongeze hata senti, hela wanayokuonyesha haipo. Ukiwa umewahi kupakua faili lolote lao niambie nikuelekeze. Nilipaswa kuhakiki kabla ya kukuletea." Usijitetee humo ndani, na usimuahidi kumlipa 210 kama huna, maana ahadi hewa ameshapewa za kutosha.

Ila zile 40 unazo. Jiulize zilitoka wapi. Eksichenji yao haina biashara yoyote, kwa hiyo hela iliyokuwemo ni ya watu walioweka, wa kwako au wa mwenzako aliyepigwa kabla yako. Mtumie yeye hizo 40, kutoka kwenye waleti mpya, na umuombe anwani yake kwa kuongea naye kwa sauti, msome pamoja herufi za mwanzo, za katikati na za mwisho, maana na kwenye kukopi anwani wanaiba.